Je, Watu wa Kale Wangeweza Kuitia Bahari Jangwani?

Muhula uliopita, katika mjadala wa Jumamosi usiku, tulishindania hoja isemayo kwamba watu wa kale waliwapita watu wa sasa kwa kazi kubwa kubwa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliposimama akasema kwamba Wamisri waliojenga piramidi, au Warumi waliokuja nyuma yao, wangalipenda tu wangaliweza kuchimba mfereji kutoka pwani na kuyajaza maji ya bahari yale maziwa makavu ya chumvi yaliyomo katika Sahara. Watu wakapiga makofi. Mpinzani wake akajibu kwamba huo ni upuzi mtupu, naye akapigiwa makofi vile vile. Kengele ikalia, tukaenda kulala, na hapana hata mmoja aliyeuliza lililopasa kuulizwa: udongo kiasi gani, na maji kiasi gani?

Kesho yake kijana yule alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, nani alisema kweli?" Nikamwahidi kwamba nitamjibu katika gazeti letu. Basi hili ndilo jibu, nami naomba msomaji awe na kalamu na karatasi karibu, maana hesabu zimo, ijapokuwa si ngumu.

Kwanza hatuna budi kuchagua ziwa, kwa kuwa si kila ziwa la chumvi lafaa. Ziwa Magadi huko Kenya ni ziwa la chumvi, lakini liko karibu meta 600 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Katwe la Uganda liko juu zaidi ya hapo. Maji ya bahari hayapandi mlima. Twataka bonde lililo chini kuliko bahari yenyewe, na mabonde ya namna hiyo katika Afrika ni machache. Liko bonde la Qattara huko Misri, ambalo mahali pake pa chini kabisa ni meta 133 chini ya usawa wa bahari. Liko Ziwa Assal katika Djibouti, meta 155 chini, nalo ndipo mahali pa chini kabisa pa Afrika nzima. Tena yako yale maziwa makavu yaitwayo chott, yaliyofuatana kama shanga kutoka Tunisia mpaka ndani ya Algeria. Hayo ndiyo aliyoyataja kijana wetu, na ndiyo tutakayoyashika.

Wakati wa kiangazi chott hufanana na uwanja mweupe usio na mwisho. Juu ni ganda la chumvi ling'aalo hata macho huuma, na chini ya ganda ni matope. Wenyeji huzipita kwa njia wazijuazo wao, na hadithi zao za kale zasimulia misafara iliyoacha njia ikamezwa, watu na ngamia pamoja. Kubwa kuliko zote ni Chott el Jerid, katika Tunisia. Magharibi yake iko Chott el Gharsa, na mbele zaidi, katika Algeria, iko Chott Melrhir, ambayo imeshuka kama meta 40 chini ya bahari.

Sasa, Herodotus, yule Myunani aliyeandika habari za dunia katika karne ya tano kabla ya Kristo, alitaja ziwa kubwa la pande hizo liitwalo Tritonis. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, Mfaransa mmoja, Kapteni François Élie Roudaire, alikuwa akipima nchi ya Algeria, akagundua kwamba Chott Melrhir iko chini ya bahari. Akakumbuka maneno ya Herodotus. Akawaza kwamba zamani chott hizi zilikuwa mkono wa bahari, kwamba mchanga ulikuja kuziba mlango wake karibu na mji wa Gabès, na kwamba mtu akiuzibua mlango huo bahari itarudi nyumbani kwake. Mwaka 1874 akayatangaza mawazo hayo, na Ferdinand de Lesseps, aliyekuwa amekwisha kuchimba Mfereji wa Suez, akamwunga mkono. Ufaransa nzima ikazungumza habari ya "bahari ya ndani".

Lakini alipokwenda kupima upande wa Tunisia alikuta neno jingine. Ile Chott el Jerid, kubwa kuliko zote na iliyo karibu zaidi na pwani, haiko chini ya bahari hata kidogo. Iko juu, meta 15 na zaidi. Na kile kizingiti cha Gabès, kilichodhaniwa kuwa ni rundo la mchanga tu, kilionekana kuwa na kimo cha zaidi ya meta 40, na wataalamu wa mawe walikuta ndani yake miamba, si mchanga wa juzi. Kwa hiyo bahari haikupita pale katika siku za Herodotus. Mabonde yaliyo chini kweli, yaani Gharsa na Melrhir, yako mbali, nyuma ya Jerid.

Hapo ndipo tuanze kuwapima watu wa kale. Je, wangalijua kwamba Melrhir iko chini ya bahari? Jicho haliwezi kusema. Nchi ishukayo meta 40 katika safari ya siku nyingi huonekana sawa kama meza. Yahitaji chombo, na Warumi walikuwa nacho. Vitruvius ameeleza ubao wao mrefu wa futi 20 wenye miguu miwili na mfuo wa maji juu yake, ambao kwao walipima usawa wa nchi. Wala haukuwa mchezo wa watoto: mfereji wao wa maji ya kunywa uliokwenda mji wa Nîmes, huko Ufaransa, una urefu wa kilometa 50 nao huteremka meta 12 na nusu tu tangu mwanzo hata mwisho. Basi kwa kupima, mimi nawapa maksi za kutosha.

Hata hivyo kupima jangwa ni kazi yenye hila, na si watu wa kale peke yao walioteleza. Mwaka 1799 mhandisi wa Napoleon, Bwana Le Père, alipima shingo ya nchi ya Suez akasema kwamba Bahari ya Shamu iko juu ya Bahari ya Mediteranea kwa karibu meta 10. Alipima kwa haraka na kwa hofu, katika nchi yenye vita. Watu waliishi na kosa lile mpaka 1847, wapimaji wengine walipoonyesha kwamba bahari hizo mbili karibu zinalingana. Miaka karibu 50 mfereji ulicheleweshwa na hesabu mbaya! (Wanaonionyesha majibu ya hesabu bila kuonyesha kazi yao na wasome kifungu hiki mara mbili.)

Tuje kwenye jembe. Hapa kijana wetu ana mashahidi wazuri. Farao Necho alianza, kama miaka 600 kabla ya Kristo, kuchimba mfereji kutoka mto Nile kuelekea Bahari ya Shamu, na Darius mfalme wa Uajemi akauendeleza kiasi cha miaka mia baadaye, akasimamisha mawe yaliyochorwa maneno ya kujisifu kwamba merikebu zilipita. Xerxes mwanawe alikata mfereji wa kilometa mbili katika shingo ya nchi ya Athos, huko Ugiriki. Herodotus asema kwamba mataifa mengine yaliyopewa kazi pale yalichimba kuta zilizosimama wima, zikawaangukia wakafanya kazi mara mbili. Lakini Wafoinike walianza kwa upana mara mbili ya uliotakiwa, wakapunguza kadiri walivyoshuka. Nao Warumi walichimba handaki la mpaka kusini mwa nchi hizo hizo za chott, mamia ya kilometa. Mikono ilikuwako.

Lakini handaki lile la Warumi lilikuwa na upana wa meta 3 hadi 6 kwa kawaida, na halikuhitaji kushuka mpaka usawa wa bahari. Mfereji wetu wahitaji. Kutoka Ghuba ya Gabès mpaka Gharsa si pungufu ya kilometa 170. Tukate kizingiti cha meta 40 na zaidi, kisha tupite ndani ya Jerid yote iliyo juu ya bahari, na sakafu ya mfereji iwe chini ya maji. Tukadirie kwa upole kwamba kina cha wastani ni meta 25, na upana wa sakafu meta 30. Kwa kuwa tumejifunza kwa Wafoinike, kuta zetu zitalala, hata juu upana uwe meta 80. Wastani wa upana ni 55. Zidisha 55 kwa 25, kisha kwa meta 170,000, nawe utapata meta za ujazo zipatazo milioni 230.

Mfereji wa Suez wa kwanza ulitolewa meta za ujazo milioni 74 hivi, katika miaka kumi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mashine za mvuke. Sisi hatuna mashine. Tuna jembe, kikapu na mgongo wa mtu. Tumpe kila mtu meta moja ya ujazo kwa siku, kuchimba na kupandisha ukingoni, siku 300 kwa mwaka. Watu 20,000 watatoa meta milioni 6 kwa mwaka. Kazi itakwisha baada ya miaka 39, ikiwa hapana ukuta utakaoanguka na ikiwa matope ya Jerid hayatarudi usiku mahali yalipotolewa mchana, jambo nisiloweza kuliahidi.

Tena watu 20,000 hunywa. Huko Suez ilibidi kwanza uchimbwe mfereji mwingine wa maji matamu kutoka Nile, ndipo wachimbaji wapate kuishi. Katika chott hapana Nile. Huwezi kuchimba bahari ya chumvi kwa watu wenye kiu. Hata hivyo nisimdhulumu kijana wetu: mfalme mkali, mwenye maisha marefu na asiyejali maisha ya wengine, angaliweza kuifikisha kazi hii mbali. Herodotus asema Wamisri 120,000 walikufa katika mfereji wa Necho. Hesabu hiyo huenda ameikuza, lakini hakusema ilikuwa kazi nyepesi.

Basi tuseme miaka 39 imepita, mfalme yungali hai, na maji yameingia. Sasa ndipo aonekanapo adui ambaye upande wo wote wa mjadala wetu haukumtaja, naye ni jua.

Katika jangwa kavu kama lile jua laweza kunyonya kama meta mbili za maji kwa mwaka kutoka katika uso wa ziwa. Gharsa na Melrhir zikijazwa, uso wa maji ungekuwa kilometa za mraba zipatazo 8,000. Kila mwaka, basi, jua lingetwaa meta za ujazo bilioni 16. Mfereji hauna budi kuzirudisha zote, la sivyo bahari yako itapungua. Gawa kwa sekunde za mwaka mmoja, ambazo ni milioni 31 na nusu, nawe utaona kwamba yatakiwa meta za ujazo 500 na kitu kila sekunde, mchana na usiku, bila kupumzika.

Na mfereji wetu waweza kuleta kiasi gani? Upana meta 30, maji kina cha meta 3, mwendo nusu meta kwa sekunde. Maji yakienda mbio zaidi yatakula kingo za mchanga. Hiyo ni meta 45 za ujazo kwa sekunde. Hata moja ya kumi haifiki! Kwa mwaka mzima zitakuwa bilioni 1.4, nazo zatosha kulishibisha jua juu ya kilometa za mraba 700 tu. Watu wa kale wangeshinda jembe, kisha wangesimama ukingoni wakitazama kijito chao kikipotea katika uwanja mweupe, na kiangazi kikiendelea.

Wala maji hayaji peke yake. Kila meta ya ujazo ya maji ya bahari ina kiasi cha kilo 35 za chumvi, na jua halinyonyi chumvi. Mfereji wetu mdogo ungemwaga bondeni tani zipatazo milioni 50 za chumvi kila mwaka, nayo haina pa kutokea. Baada ya muda usingekuwa na bahari ila sufuria ya kuchemshia chumvi.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya karatasini tu. Nenda Djibouti ukayaone. Ziwa Assal limetengwa na ghuba ya bahari kwa kilometa kumi hivi za mawe ya volkano, na maji ya bahari hupenya chini kwa chini katika nyufa za mawe hayo mpaka ziwani. Yaani pale mfereji umekwisha kuchimbwa bila ya jembe, nao wafanya kazi tangu zamani sana. Je, ziwa limejaa? Lingali meta 155 chini, kwa sababu jua hutwaa kila kiingiacho. Maji yake yana chumvi karibu mara kumi kuliko ya bahari, na kando yake pana uwanja wa chumvi ambako Waafar wamekuwa wakikata chumvi na kuipeleka Ethiopia kwa misafara ya ngamia. Hapana bustani pale.

Na hilo la bustani nalo lilimpoteza Roudaire mwenyewe. Aliamini kwamba mvuke wa bahari ya ndani ungeleta mvua na kuirutubisha nchi. Lakini tazama ramani: Bahari ya Shamu ina urefu wa karibu kilometa 2,000, na pande zake zote mbili ni jangwa. Maji kuwa karibu si sababu ya mvua kunyesha, kama wajuavyo mabaharia wa pwani hizo. Tena kandokando ya chott wako watu. Tozeur na Nefta ni miji ya mitende, nayo huishi kwa chemchemi za maji matamu na kwa tende ambazo huuzwa mpaka Ulaya. Maji ya chumvi yakipenya chini ya mashamba hayo, nani angewalipa? Katika mazungumzo mengi ya Paris habari ya bahari mpya ilisemwa sana, na habari ya wenye mitende ilisemwa kidogo. Mwaka 1882 tume ya serikali ya Ufaransa iliipima shauri yote ikasema gharama hazilingani na faida. Roudaire hakukata tamaa mpaka alipokufa mwaka 1885. Jules Verne akaifanya riwaya, iliyotoka mwaka 1905, na hata yeye ilimbidi kulileta tetemeko la ardhi ndipo bahari iingie.

Wako waliojaribu kumgeuza adui awe rafiki. John Ball, Mwingereza aliyekuwa mpimaji huko Misri, aliandika mwaka 1933 kwamba katika Qattara ni vyema jua linyonye: maji yakipotea daima, basi maji mengine yataendelea kuanguka daima kutoka baharini, na maporomoko hayo yataendesha mitambo ya umeme. Hesabu yake ni nzuri, lakini kati ya bahari na bonde pana kilima cha zaidi ya kilometa 50. Katika miaka ya 1970 mhandisi Mjerumani, Friedrich Bassler, alitaka kukipasua kwa mabomu ya nyuklia 213. Nashukuru hawakumwachia. Kwa vyo vyote, umeme haukuwa haja ya Farao.

Je, basi mpinzani alishinda? Ngoja kwanza. Nilisema mfereji wa namna ya kale waweza kulishibisha jua juu ya kilometa za mraba 700. Liko bonde dogo kuliko hapo, tena karibu na bahari: ni yale Maziwa Machungu ya Misri, kati ya Suez na Ismailia, yenye kilometa za mraba 250 hivi. Kabla ya mwaka 1869 yalikuwa makavu, na katikati yake palikuwa na tabaka nene la chumvi. Jua lingetaka pale meta za ujazo 16 tu kwa sekunde, nasi tunazo 45. Na kumbuka mfereji wa Darius ulipita wapi. Ulipita pale pale!

Kwa hiyo watu wa kale waliweza, kwa ziwa hilo moja, na jembe lilikuwa mkononi. Kwa nini basi waandishi wa kale husimulia habari ya wafalme waliosita? Aristotle na wengine waliomfuata wasema kwamba wafalme waliacha kazi kwa sababu waliambiwa Bahari ya Shamu iko juu kuliko nchi ya Misri, na ikifunguliwa itaingiza maji ya chumvi katika mto na mashamba. Diodorus asema Ptolemy wa Pili alipoumaliza mfereji aliweka mlango wa ustadi, ukifunguliwa merikebu ipite na kufungwa mara. Hofu yao juu ya kimo cha bahari ilikuwa ya kosa, kosa lile lile la Le Père. Lakini walichokuwa wakikilinda kilikuwa cha kweli, maana ngano haioti katika maji ya chumvi. Sisi twauliza kama waliweza kuiingiza bahari jangwani. Wao shida yao ilikuwa kuizuia isiingie.

Ilikuja kuingia katika mwaka 1869. Mwezi wa Machi yalifunguliwa maji ya Mediteranea, na mwezi wa Agosti maji ya Bahari ya Shamu, yakakutana katika Maziwa Machungu, na Novemba merikebu zilipita. Lile tabaka la chumvi halikuondoka siku hiyo. Liliyeyuka polepole, miaka mingi, na wakati huo maji ya mle yalikuwa makali hata viumbe wengi wa bahari hawakuweza kuyapita. Chumvi ilipopungua mlango ulifunguka. Siku hizi wavuvi wa pwani za Mediteranea huvua samaki waliotoka Bahari ya Shamu kupitia ziwa hilo lililokuwa kavu, na miongoni mwao wamo wa jamii ya tasi, walewale wanaouzwa sokoni Mombasa na Unguja. Huko wanakula mwani wote wa miambani, na wavuvi wananung'unika.